Spika Mpya na Masikio Yanayozoea

Mtu akinunua spika mpya za muziki wa nyumbani, mara nyingi hupewa na nasaha juu yake: asizihukumu mapema. Azipige kwanza saa 50, wengine husema 100, wapo wanaofika 200, ndipo zitakapofunguka na kutoa sauti yake halisi. Besi iliyobana italegea, ukali wa sauti za juu utapungua, na mwimbaji atasikika kana kwamba amesogea karibu. Nasaha hiyo imechapishwa katika vijitabu vya baadhi ya watengenezaji, hutolewa na wauzaji, na hurudiwa kwa moyo mweupe na wapenzi wa muziki wasio na cha kuuza. Inastahili kupimwa kwa makini badala ya kubezwa, kwa sababu ina chembe ya ukweli ndani yake, na kwa sababu inamgusa mnunuzi mahali pawili panapouma: fedha aliyoitafuta kwa jasho, na imani yake kwa masikio yake mwenyewe. Ninachokishikilia ni hiki. Spika mpya hubadilika kweli, ila mabadiliko yenyewe ni madogo, hutokea mapema, na hayawezi kueleza sehemu kubwa ya sifa zinazotajwa. Anayebadilika zaidi katika majuma yale ya kwanza ni msikilizaji.

Tuanze na kifaa chenyewe. Spika ya koili inayocheza, ambayo ndiyo iliyomo katika redio, runinga, sabufa na magari karibu yote, ilielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric nchini Marekani, na umbile lake la msingi halijabadilika sana tangu hapo. Kuna koni ya karatasi, plastiki au nyuzi. Nyuma ya koni kuna koili ya waya mwembamba iliyoingia katika mwanya wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koni husukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Ili irudi katikati kila mara, koni hushikiliwa na vitu viwili. Kwa nje kuna ukingo wa mpira, sponji au kitambaa. Kwa ndani, mahali pasipoonekana, kuna spaida: kisahani cha kitambaa, mara nyingi cha rangi ya kahawia au manjano, chenye mikunjo ya mviringo inayofuatana kutoka katikati hadi pembeni. Kitambaa hicho, aghalabu cha pamba, huchovywa katika resini kisha hukandamizwa kwa kalibu ya moto mpaka kikauke na kushika mikunjo yake. Kikiwa kipya huwa kikavu na kigumu kidogo, kwa kuwa resini imezigandisha pamoja nyuzi zinazotakiwa kuteleza. Koni inapoanza kucheza kwa nguvu, baadhi ya maungio hayo madogo ya resini hukatika na kitambaa hulegea. Mpira wa ukingo nao una tabia yake, iliyochunguzwa na Leonard Mullins wa Uingereza katika miaka ya 1940 na inayojulikana hadi leo kwa jina lake: ukivutwa mara ya kwanza huwa mgumu kuliko ukivutwa mara ya pili kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo anayesema kwamba spika mpya hulegea hasemi uzushi. Wahandisi hulipima jambo hili, na hakuna aijuaye kazi hii atakayelikana.

Swali ni inalegea kiasi gani, na kwa muda gani. Wolfgang Klippel, mhandisi wa Dresden nchini Ujerumani ambaye mitambo yake ya kupimia spika hutumika viwandani, amechunguza namna ugumu wa spaida na ukingo unavyopungua kadiri vinavyofanyishwa kazi. Ugumu hushuka haraka mwanzoni, kisha kasi ya kushuka hupungua. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwa nini iwe hivyo. Wufa, ile spika ya sauti za chini, inayopiga noti ya hezi 40 huenda mbele na kurudi mara 40 kila sekunde. Kwa dakika moja hiyo ni mikunjo 2,400. Kwa saa moja ni 144,000. Kitu kinacholegea kwa kukunjwa, kikishakunjwa mara laki moja na zaidi, kimekwisha kufanya sehemu kubwa ya kulegea kwake, na mara nyingi kilianza kulegea kiwandani, wakati spika ilipopigwa mawimbi ya majaribio kabla ya kutiwa katika boksi. Tena mpira una tabia ya kurudisha sehemu ya ugumu wake ukipumzishwa, na ugumu huo hupanda na kushuka kwa joto la chumba. Spika iliyolala usiku wa Julai kule Arusha haina ulaini uleule wa spika iliyoshinda mchana wa Februari kule Mombasa, hata zikiwa zimetoka kiwanda kimoja siku moja. Hakuna anayesema kwamba spika zake ni mbovu kila asubuhi yenye baridi. Ikiwa badiliko linalokuja na kuondoka pamoja na hali ya hewa halimsumbui msikilizaji, ni vigumu kuamini kwamba badiliko la aina hiyohiyo, lililotokea mara moja katika siku ya kwanza, ndilo lililogeuza sauti yote.

Kuna jambo jingine ambalo nasaha ya saa 100 hulisahau: koni haichezi peke yake, inacheza ndani ya kasha. Mwaka 1954 Edgar Villchur, kupitia kampuni ya Acoustic Research katika jimbo la Massachusetts, alitoa spika iitwayo AR-1, ambayo wufa yake ilikuwa laini mno na kasha lake limezibwa kabisa, ili hewa iliyofungiwa ndani ndiyo ifanye kazi ya springi. Baadaye Neville Thiele wa Australia, na baada yake Richard Small katika Chuo Kikuu cha Sydney, walizipa tabia hizi kanuni ambazo wabunifu wa spika ulimwenguni kote huzitumia hadi leo. Tuzitumie hapa kwa mfano mmoja. Chukua wufa ambayo mtetemo wake wa asili ukiwa nje ya kasha ni hezi 40, uitie katika kasha lililozibwa ambalo hewa yake ni springi ngumu mara tatu kuliko spaida na ukingo kwa pamoja. Mtetemo wa asili wa mfumo mzima utakuwa hezi 80. Sasa tuseme spaida na ukingo vimelegea kwa asilimia 20, kiasi ambacho si kidogo. Nje ya kasha mtetemo utashuka kutoka hezi 40 hadi 36.5, badiliko ambalo mpimaji ataliona mara moja na kulitangaza. Lakini ndani ya kasha utashuka kutoka 80 hadi karibu 78.3 tu, kwa sababu robo tatu ya springi ni hewa, na hewa hailegei. Ukiigeuza tofauti hiyo kuwa nguvu ya besi, haifiki nusu desibeli. Makasha yenye tundu, ambayo ndiyo mengi sokoni siku hizi, nayo hutegemea kwa kiasi kikubwa ujazo wa kasha na urefu wa bomba la tundu. Vyote viwili havibadiliki kwa kupigiwa muziki. Mtu akiisogeza spika hiyohiyo karibu na ukuta, besi huongezeka kwa desibeli kadhaa kwa mara moja. Kwa maneno mengine, kusukuma stuli ya spika kwa mguu kunaweza kufanya zaidi ya yale yanayongojewa kwa mwezi mzima.

Hoja iliyo nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, inahusu sauti zenyewe zinazosifiwa. Ulaini wa spaida na ukingo hutawala mwendo wa koni karibu na mtetemo wake wa asili na chini yake, yaani kwenye besi. Juu ya hapo, kinachotawala ni uzito wa koni na koili, na uzito haupungui kwa sababu muziki umepigwa. Sauti ya mwimbaji, filimbi, nyuzi za udi na matoazi hukaa juu ya eneo hilo. Tuita, ile spika ndogo ya sauti za juu, husogea kwa sehemu ndogo tu ya milimita, na kwa kawaida huanza kazi yake juu ya mtetemo wake wa asili, kwa kuwa mbunifu amezikata kwa makusudi sauti za chini zisiifikie. Hata hivyo, sikiliza ushuhuda wa wanaosema spika zao zimefunguka. Wengi hawazungumzii hezi mbili za besi. Wanasema ukali umeondoka, mwimbaji amepata pumzi, ala zimeachana na kila moja imepata nafasi yake. Wanaeleza mabadiliko makubwa mahali ambapo chanzo kinachotajwa hakina mkono, na mahali ambapo kina mkono hawana mengi ya kusema. Sababu na tokeo lake vikiachana namna hiyo, ni haki kutafuta sababu nyingine.

Hapa mtetezi wa desturi atauliza: je, watu wote hao wanadanganya? Hapana, na haifai kuwatuhumu. Wanaeleza kwa uaminifu walichokisikia. Lakini kusikia si kazi ya sikio peke yake. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kukipenda zaidi kitu kwa sababu tu wamekutana nacho mara nyingi, hata kama kitu chenyewe hakijabadilika hata kidogo. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, waliokuwa watafiti katika kampuni ya Harman, waliwasikilizisha watu spika zilezile mara mbili, mara zikionekana na mara zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Zilipoonekana, alama walizozipa zilifuata ukubwa, umbo na jina la spika. Zilipofichwa, alama zilibadilika, na msikilizaji akawa mwepesi zaidi kutambua mambo ya sauti yenyewe. Hao hawakuwa watu wajinga wa mambo ya sauti. Walikuwa wafanyakazi wa kampuni inayotengeneza spika. Ikiwa kuona tu kunaweza kugeuza hukumu ya mtu kama huyo, kutarajia kunashindwaje? Mnunuzi aliyeambiwa kwamba baada ya saa 100 sauti italainika, akaketi kusikiliza saa ya 101 huku akingoja ulaini, amekwisha kupewa jibu kabla ya swali.

Kumbukumbu nayo ina mipaka. Undani wa sauti hukaa akilini kwa sekunde chache, kisha kinachobaki ni maelezo yetu juu ya sauti hiyo. Mpiga ngoma anajua namna ya kuukwepa udhaifu huo. Akisikia ngozi imelegea kwa unyevu, huikaribisha ngoma motoni, huigonga, husikiliza, huirudisha, huigonga tena, mpaka ilie anavyotaka. Badiliko na uthibitisho wake viko pamoja, ndani ya pumzi moja, na yeyote aliyesimama karibu anaweza kulishuhudia. Anayelinganisha spika ya leo na jinsi ilivyosikika majuma manne yaliyopita hana nafasi hiyo. Katikati ya siku hizo mbili amebadilisha kiti, ameongeza pazia dirishani, amegeuza spika kidogo zielekee kwake, amepandisha sauti bila kujua, na amejifunza nyimbo zipi zinapendeza kwenye spika zile. Chumba chenye urefu wa mita 4 huivimbisha noti ya karibu hezi 43 katika sehemu fulani na kuifuta katika nyingine. Kusogeza kiti kwa nusu mita kunatosha kumbadilishia mtu besi anayoisikia. Mambo hayo yote hutokea wakati spika inalainishwa, na sifa zote hupewa spaida.

Wengine watasema vipimo havikamati kila kitu, na sikio la mtu aliyezoea muziki ni jepesi kuliko chombo. Nakubali kwamba muziki hatuusikilizi kwa vyombo, na ndiyo maana sisemi mashine ndizo ziamue. Naomba sikio lenyewe lipewe nafasi ya haki. Spika za nyumbani huuzwa kwa jozi, na jozi ni maabara kamili. Kwanza zote mbili zikiwa mpya, ziwekwe zikigusana, wimbo mmoja upigwe kwa mono, na rafiki abadilishe kutoka moja hadi nyingine nyuma ya kitambaa chepesi, ili ijulikane kama zinatofautiana tangu mwanzo. Kisha moja irudishwe kwenye boksi lake na nyingine ipigwe saa 100. Baada ya hapo jaribio lirudiwe, kwa kiwango kilekile cha sauti, huku spika zikibadilishana nafasi kila mara ili chumba kisipendelee upande. Msikilizaji akisema ni ipi iliyotumika, mara 16, na akapatia 12 au zaidi, uwezekano wa kufanya hivyo kwa kubahatisha ni karibu asilimia 4, na dai lake litastahili kuheshimiwa. Hakuna chombo katika jaribio hilo isipokuwa masikio. Anayeamini kwamba tofauti ni kubwa kiasi cha kubadilisha ununuzi hana sababu ya kuliogopa.

Ipo hoja ya upole zaidi, nayo ni kwamba hakuna hasara: mtu atasikiliza muziki vyovyote vile, na subira yavuta heri. Kwa anayezipenda spika zake tangu siku ya kwanza, kweli hakuna hasara. Hasara iko kwa yule asiyezipenda. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, aliyenunua bidhaa kwa mbali ana siku 14 za kuirudisha bila kutoa sababu. Saa 100 za kulainisha, kwa anayesikiliza saa 3 kwa siku, ni siku 33. Kwa hesabu hiyo, anayefuata nasaha hupoteza haki yake ya kurudisha kabla hajaruhusiwa kutoa hukumu. Kwetu, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, ambako mara nyingi nafasi pekee ya mnunuzi ni dakika zile chache za kujaribishiwa dukani, hasara inakuwa kubwa zaidi, kwa kuwa akiambiwa kwamba ukwaruzo anaousikia utaisha nyumbani, amenyang'anywa ushahidi pekee alio nao. Sidai kwamba watengenezaji wanaotoa nasaha hiyo wana hila. Wengi huenda wanaiamini. Lakini nasaha inayomfaidi muuzaji kila inapofuatwa inapaswa kuletwa na ushahidi, na mzigo wa kuuleta si wa mnunuzi. Subira ni fadhila pale ambapo kuna kitu kinachoiva. Pasipo na kinachoiva, ni kumchelewesha mtu asiseme anachokijua. Tena, laiti muda ungekuwa unabadilisha sauti kwa kiasi hicho, tungesikia mara kwa mara habari za spika zilizoanza vizuri zikaharibika baada ya saa 100, kwa kuwa kulegea hakujui lipi zuri na lipi baya. Ushuhuda karibu wote huelekea upande mmoja, upande wa kupendeza zaidi. Huo ni mwelekeo wa nyoyo za watu kuliko wa resini na mpira.

Kuna mahali ambapo desturi ya kulainisha ina maana yake. Anayejenga kasha mwenyewe hufanya vyema kuichezesha wufa kabla ya kuipima, ili hesabu za kasha zitokane na hali itakayodumu badala ya ugumu wa dakika za mwanzo. Spika za gitaa, zenye ukingo wa karatasi iliyokunjwa na mara nyingi kasha lililo wazi kwa nyuma, hazina springi ya hewa ya kuzishika, kwa hiyo kulegea kwao kuna nafasi kubwa zaidi ya kusikika. Na upo umri wa spika ambao sikio la kila mtu hulitambua tokeo lake, hasa katika mwambao wetu. Ukingo wa sponji, kwa joto na unyevu, huoza taratibu kwa miaka. Kwanza hunata, kisha huchanika vipandevipande ukiguswa kwa kidole, na besi huanza kukwaruza. Fundi hubandua mabaki yake, husafisha gundi ya zamani pembeni mwa koni, na kubandika ukingo mpya. Badiliko hilo halihitaji imani. Unaliona, unaligusa, unalisikia, na wanaolisikia hawagombani.

Basi anayekwenda kununua spika achukue nyimbo anazozijua vizuri, aombe zipigwe kwa sauti ya wastani na ya juu, azisikilize kando ya spika nyingine za bei ileile, na akifika nyumbani atumie juma la kwanza kuzisogeza, kuzigeuza na kubadilisha kiti, kwa maana huko ndiko kwenye mabadiliko makubwa anayoweza kuyapata bila malipo. Zikiwa bado hazimpendezi, azirudishe mapema iwezekanavyo. Akizipenda zaidi mwezi ujao, afurahie. Kuzoea sauti na kujifunza kuisikiliza ni sehemu halali ya raha ya muziki, nayo ni kazi aliyoifanya yeye mwenyewe. Mtengenezaji atajibu kwa sauti aliyoiuza siku ile ya mauzo, na wanunuzi wakimdai hilo kwa uthabiti, atakuwa na sababu ya kuitengeneza vizuri tangu kiwandani.